Msimu mrefu wa bayathloni: mtu anashindanaje Novemba hadi Machi bila kuvunjika?

KochaNjoro (Nakuru)

Habari zenu wanajukwaa.

Naandaa somo la siku moja kwa makocha wa mbio za nyika na mbio ndefu hapa Nakuru, na mfano ninaotaka kuutumia ni bayathloni, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa skii ukiwa na bunduki mgongoni, kisha kusimama na kulenga shabaha. Msimu wetu wa nyika unawapeleka vijana mbioni wikendi baada ya wikendi, na mara nyingi yule aliyeng'aa mwanzoni anafika kwenye majaribio ya taifa akiwa na maumivu ya muundi, au anakohoa, au miguu imekufa tu. Wale wa bayathloni wanaanza mwisho wa Novemba na kumaliza Machi, wanashindana hata mara tatu ndani ya siku nne, na bado Februari wanatakiwa wawe kwenye ubora wao wote.

Naomba undani wa mambo haya: wiki moja ya msimu inapangwaje, shabaha inashikiliwaje mwili ukichoka, baridi inafanya nini kwa mapafu na vidole, skii zinatunzwaje theluji inapobadilika, na mwisho, kipi mkimbiaji anayeishi mwinuko wa mita 1,850 anaweza kuiga na kipi asiguse. Namba zikiwepo nitashukuru. Habari ya Philip Boit kule Nagano 1998 nitaanza nayo mwenyewe, kwa maana makocha wengi wa huku wanaijua: nafasi ya 92 na ya mwisho katika kilomita 10, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda akamngoja mstarini amkumbatie. Ila ile ilikuwa skii peke yake, bila bunduki.

---

Iten_Mwinuko (Iten)

Kocha, tuanze na kalenda, kwa sababu ukiisoma vibaya utafundisha makosa.

Msimu wa Kombe la Dunia wa bayathloni haukimbiwi mfululizo. Una vipande vitatu: cha kwanza mwisho wa Novemba hadi kabla ya Krismasi, cha pili Januari, cha tatu Machi. Februari huachiwa Ubingwa wa Dunia au Olimpiki. Kila kipande kwa kawaida ni wiki tatu hivi, kila wiki mji mwingine: Östersund au Kontiolahti kule kaskazini, Hochfilzen Austria, Oberhof na Ruhpolding Ujerumani, Antholz Italia, Nové Město kule Cheki, Oslo. Kati ya vipande kuna pengo la wiki mbili au zaidi, na mapengo hayo ndiyo yanayostahili nusu ya somo lako.

Mbio za mtu binafsi kwa msimu ni kama 20. Ukiongeza za kupokezana, anayeshiriki zote anapita 25. Inatisha ukiitazama hivyo, lakini angalia urefu wake. Sprinti ni kilomita 10 kwa wanaume na 7.5 kwa wanawake, kulenga mara mbili, na mtu anamaliza kwa dakika ishirini na kitu. Mbio za kufukuzana ni 12.5 na 10, kulenga mara nne, na kila mmoja anaanza nyuma ya mshindi wa sprinti kwa sekunde zile zile alizoachwa. Za kuanza pamoja ni 15 na 12.5, watu 30 tu. Ile ndefu ya mtu mmoja mmoja ni kilomita 20 na 15. Kwa hiyo mwanamume aliyekimbia sprinti Ijumaa, kufukuzana Jumamosi na mzunguko wake wa kupokezana Jumapili amefanya kazi kali ya saa moja na robo hivi kwa siku tatu.

Wiki yenyewe. Jumapili usiku au Jumatatu ni safari, mara nyingi kwa gari kupitia milimani, kisha dakika 45 hadi 60 za kuteleza polepole au kukimbia ili miguu ifunguke. Jumanne ni saa moja na nusu hadi mbili nyepesi kabisa, na ndani yake risasi 40 hadi 60. Jumatano, au siku moja kabla ya mbio ya kwanza, ni mazoezi rasmi kwenye njia ya mashindano: vipindi vinne au vitano vya dakika nne kwa kasi inayokaribia ya mbio, kila kipindi kikiishia kwenye uwanja wa shabaha. Kuanzia Alhamisi wanaume na wanawake wanapishana, kwa hiyo siku ambayo si yako unafanya saa moja nyepesi au unapumzika. Mazoezi ya nguvu ni mara moja, dakika 30 hadi 40, uzito ule ule wa kawaida lakini seti chache. Ukiyaacha kabisa, kufika Machi msukumo wa mikono kwenye fimbo umepungua na huwezi kuurudisha katikati ya mbio.

Tatizo kubwa liko hapo. Mwanabayathloni wa kiwango cha juu anafanya saa 700 hadi 900 kwa mwaka, na sehemu kubwa, karibu asilimia 80, ni mwendo mwepesi. Kiangazi cha Ulaya, kabla ya msimu, anaweza kufanya saa 20 na zaidi kwa wiki. Wiki ya mashindano inashuka hadi 10 au 14. Ukikaa miezi minne namna hiyo, msingi unayeyuka bila wewe kuhisi: Desemba unaruka, Januari bado uko sawa, Februari mzunguko wa mwisho unakukatalia. Ndiyo maana katika pengo la Krismasi, wakishapumzika siku mbili tatu, wanarudi kwenye saa nyingi za polepole kwa siku tano au sita. Pengo la kabla ya Ubingwa wa Dunia linafanywa vivyo hivyo, na timu nyingi huliweka mwinuko wa juu kidogo. Wapo wanaoacha kabisa wiki ya mwisho ya Januari, hata kama kila ushindi una pointi 90 za Kombe la Dunia, ili wapate nafasi hiyo.

Vijana wetu pengo likitokea wanajazwa mazoezi ya kasi. Mimi naliona kosa hilo kuwa kubwa kuliko wingi wa mbio.

---

Shabaha_Lanet (Nakuru)

Mimi nachukua sehemu ya bunduki, maana ndiyo inayofanya mchezo huu usifanane na mwingine wowote.

Kifaa kwanza. Bunduki ni ya risasi ndogo, milimita 5.6, na uzito wake lazima uwe kilo 3.5 au zaidi bila magazini (kisanduku cha risasi) wala risasi. Darubini hairuhusiwi: kuna tundu dogo la kilengeo cha nyuma na duara la mbele, basi. Traiga, yaani kifyatulio, isifyatuke kwa mvuto ulio chini ya gramu 500. Shabaha ziko mita 50, tano kwa safu. Ukiwa umelala kifudifudi lazima ugonge duara la milimita 45, ukiwa umesimama la milimita 115. Magazini ina risasi tano.

Watu hudhani siri ni kusubiri moyo utulie. Sivyo. Mtu anaingia uwanjani mapigo yakiwa karibu asilimia 85 hadi 90 ya kiwango chake cha juu, na anapofyatua yameshuka hadi kati ya asilimia 60 na 75 hivi. Akisubiri zaidi, miguu inapoa, hasa akiwa amesimama, na inaanza kutetemeka kuliko ilivyokuwa. Kinachofanywa ni kupunguza mwendo kidogo mita 50 hadi 100 za mwisho, kutoa pumzi ndefu, kisha kila kitu kufuata mpangilio ule ule: fimbo chini, bunduki mbele, vifuniko vya theluji kufunguliwa, magazini, mkanda kunaswa kwenye mkono wa juu. Pumzi mbili au tatu kabla ya risasi ya kwanza, halafu pumzi moja kwa kila risasi, na kufyatua pale pumzi imetoka nusu na kusimama yenyewe. Kutoka risasi moja hadi nyingine ni sekunde mbili au tatu. Wazuri wanamaliza zote tano ndani ya sekunde 25 hadi 30 tangu wafike kwenye mkeka.

Sasa hesabu ya kosa, kwa sababu ndiyo inayoamua ujasiri wa mtu. Katika sprinti kila shabaha iliyokosewa ni mzunguko wa adhabu wa mita 150, kama sekunde 22 hadi 25 kwa mwanamume mwenye kasi. Katika mbio ndefu ya mtu mmoja mmoja kila kosa ni dakika nzima. Kwa hiyo kwenye risasi ya tano, upepo ukigeuka, kushusha bunduki, kuvuta pumzi na kupoteza sekunde tano ni biashara nzuri katika sprinti, na katika mbio ndefu ni lazima. Wengi hukosa ile ya tano kwa sababu macho yameshaona njia ya kutokea.

Upepo: kabla ya mbio kuna muda wa kusawazisha vilengeo kwenye karatasi. Kocha anasimama nyuma na darubini, anaandika bendera zimelala vipi wakati bunduki ikiwa sawa. Anapoingia mbioni, mwanamichezo hatazami nguvu ya upepo peke yake, anatazama tofauti kati ya bendera za sasa na za asubuhi ile. Tofauti ikiwa kubwa anazungusha kilengeo kliki (hatua ndogo za kukisogeza) mbili au tatu. Ikiwa ndogo anavuta lengo pembeni kidogo. Kosa la kawaida ni kuzungusha kliki kisha kusahau kuzirudisha kwenye kulenga kunakofuata.

Ndani ya msimu mrefu, vitu vitatu vinaharibu shabaha polepole. Cha kwanza ni nguo. Desemba mtu amevaa safu mbili chini ya suti, Machi moja, na kitako cha bunduki kinakaa mahali pengine begani, kwa hiyo urefu wa mkanda hauna budi kurekebishwa tundu moja. Cha pili ni baridi kwenye chuma. Ukiitoa bunduki chumba chenye joto ukaipeleka nje kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri, mvuke unaganda kwenye tundu la kilengeo na kwenye bolti, lile komeo la kuingizia risasi. Inatakiwa ikae nje mapema izoee. Mafuta mazito hayatumiki kwenye bolti, yanakuwa kama gundi, pini inapiga kwa unyonge na risasi hailipuki. Baridi pia inapunguza mwendo wa risasi na inapiga chini, kwa hiyo timu zinachagua kundi la risasi lililojaribiwa kwenye baridi kwa mtutu huo huo. Cha tatu ni kuvivia zoezi la kufyatua bila risasi. Kiangazi mtu anapiga risasi maelfu, msimu ukianza idadi inashuka, na kinachoziba pengo ni dakika 20 hadi 30 kila siku chumbani hotelini, bunduki tupu, nukta ukutani, magoti na nyonga zikikumbushwa mahali pake. Anayeacha zoezi hilo wiki mbili anaonekana kwenye kulenga kwa kusimama kabla ya kuonekana kwenye kulala.

Jambo moja dogo: ukisahau kuingia mzunguko wa adhabu, unaongezewa dakika mbili kwa kila mzunguko ulioruka. Hutokea zaidi mwisho wa msimu, watu wakiwa wamechoka akili.

---

Fiziotherapia_Kisumu (Kisumu)

Kocha Njoro, kabla hujawapa makocha kalenda hiyo, naomba uwaambie jambo hili kwa sauti kubwa: mwanabayathloni anaweza kushindana Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwa sababu mguu wake hauanguki chini.

Mkimbiaji kila hatua anapokea mshindo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na misuli ya paja na ya shavu la mguu inavutwa huku ikijikaza ili imzuie asiporomoke. Kuvutwa kwa namna hiyo ndiko kunakochana nyuzi za misuli. Baada ya kilomita 10 za nyika zenye miteremko anahitaji siku mbili tatu, wakati mwingine zaidi, kabla misuli haijarudi. Kwenye skii mguu unateleza, misuli inasukuma zaidi kuliko inavyozuia, kwa hiyo kesho yake kinachokosekana hasa ni wanga kwenye misuli, na wanga unarudishwa kwa chakula na usingizi. Kwa hiyo idadi ya mbio usiige hata kidogo. Iga mapengo, na iga nidhamu ya siku za katikati.

Hiyo haimaanishi kwamba wanabayathloni hawaumii. Mgongo wa chini unalalamika sana: bunduki mgongoni muda wote, na kulenga kwa kusimama kunataka nyonga isukumwe mbele, kiwiko kikae juu yake na mwili upinde nyuma. Magoti na mabega nayo yamo. Ila kinachowatoa zaidi mashindanoni ni mafua na kifua.

Mapafu. Mtu anayepumua zaidi ya lita 100 kwa dakika kwenye hewa ya nyuzi kumi chini ya sifuri anakausha njia zake za hewa. Hewa ya baridi ina unyevu mdogo sana. Dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama, mirija inabana, kikohozi kikavu kinaanza, kifua kinapiga filimbi. Pumu inayoletwa na mazoezi ni ya kawaida sana kwa wanamichezo wa baridi kuliko kwa wengine. Wanaikinga kwa mambo matatu: kinyago kinachohifadhi joto la pumzi wakati wa mazoezi na kupasha mwili, kupasha mwili kwa dakika 20 hadi 30 zikiwa na vipande vifupi vya kasi ndani yake, kwa kuwa mirija iliyobana kidogo ikalegea inachelewa kubana tena, na inhela kwa wale waliopimwa mapafu na daktari akathibitisha. Kuhusu inhela, nisikilizeni: salbutamol ya kuvuta, ile dawa ya kufungua mirija, inaruhusiwa hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, isizidi 600 ndani ya saa nane zozote. Zaidi ya hapo ni kesi. Waambie vijana wasiazimane inhela, na kila dawa waulizie kwanza ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni.

Hapa kwetu badala ya baridi tuna vumbi la Januari hadi Machi. Mkimbiaji anayekohoa kila baada ya mazoezi ya kasi kwenye barabara ya udongo apimwe mapafu, asiambiwe ni mafua ya kawaida mwezi mzima.

Maambukizi: timu hazicheki na hili. Kunawa mikono, chupa ya maji ya kila mtu peke yake, barakoa kwenye ndege na kwenye mabasi, mgonjwa kuhamishiwa chumba chake siku hiyo hiyo. Nguo zenye jasho zinavuliwa ndani ya dakika chache tu baada ya mstari wa mwisho, hadi fulana ya ndani na kofia, kabla ya mahojiano. Mwenye homa hafanyi mazoezi yoyote, hata yale mepesi. Kukosa mbio mbili ni hasara ndogo kuliko kikohozi kinachomfuata hadi Februari.

Vidole: kidole cha traiga kikifa ganzi huwezi kuhisi ule mkazo wa kwanza wa traiga, na risasi inatoka kabla hujaamua. Wanavaa glavu nyembamba za kushindania, juu yake glavu nene hadi dakika za mwisho, na vipakiti vya kutoa joto viganjani. Chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri mbio haianzishwi.

Chakula nitakitaja kwa ufupi. Siku ngumu ni gramu 6 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 65 ni gramu 390 hadi 650, na hiyo ni sahani nyingi za wali na uji kuliko watu wanavyofikiri. Baada ya mbio, ndani ya nusu saa, gramu moja ya wanga kwa kilo na gramu 20 hadi 25 za protini, hata kama ni kwenye chupa, kwa sababu mbio nyingi ni mchana, kisha kuna zawadi, waandishi, kipimo cha dawa, na chakula cha jioni kinachelewa. Baridi inaua kiu, kwa hiyo kinywaji kiwe vuguvugu ili kinyweke. Kwa wasichana, hedhi ikipotea miezi mitatu hiyo ni dalili kwamba chakula hakitoshi kazi, na mifupa inalipa. Akiba ya chuma ipimwe kabla ya msimu na tena Januari.

---

KochaNjoro (Nakuru)

Asanteni sana. Dada wa Kisumu, hoja ya mshindo wa mguu naiweka mwanzo wa somo, si mwisho. Imebaki skii. Nasikia mtu anaweza kuwa na mapafu mazuri na shabaha safi akaachwa dakika nzima kwa sababu ya nta inayopakwa chini ya skii. Ni kweli?

---

FundiNta (Kakamega)

Ni kweli, kocha, na hakuna anayeweza kuifidia kwa moyo wa kujituma. Skii isiyoteleza inakutoza kila msukumo: mtu analazimika kufanya kazi zaidi kwa kasi ile ile, anaingia kwenye shabaha amechoka kupita kiasi, halafu lawama zinapewa bunduki.

Mwanamichezo wa kiwango cha juu hana jozi moja. Ana jozi nyingi, wengine thelathini na zaidi, zinazotofautiana kwa ugumu wa mpindo na kwa mikwaruzo iliyochongwa kwa mashine kwenye kitako cha skii, yaani upande wake wa chini. Theluji kavu ya baridi kali inataka mikwaruzo midogo midogo. Theluji yenye maji inataka mikubwa na yenye kina, ili maji yapate pa kukimbilia, la sivyo skii inanyonywa chini kama kioo juu ya kioo kilicholowa.

Msimu una theluji za aina tatu hivi. Novemba mara nyingi ni ya mashine, au iliyohifadhiwa tangu mwaka uliopita chini ya vumbi la mbao. Chembe zake ni kali, zinakwangua nta, kwa hiyo nta ngumu ndiyo inayodumu. Januari ni baridi ya kweli, chembe mpya zenye ncha. Machi jua linapiga, mchana nyuzi zinapita sifuri, na waandaaji humwaga chumvi kwenye njia ili ikaze. Chumvi na uchafu vinakula nta haraka sana, na skii iliyoongoza mzunguko wa kwanza inaweza kuwa ya mwisho kwenye wa tatu. Ndiyo maana mafundi wazuri hawaridhiki na kujaribu mteremko mmoja. Wanaitembeza skii kilomita kadhaa kisha wanaijaribu tena.

Kazi yenyewe: safisha kitako cha skii, yeyusha nta kwa pasi yenye joto linalolingana na nta hiyo, kwa kawaida kati ya nyuzi 120 na 160, nta ngumu ikitaka joto la juu. Pasi isisimame mahali pamoja, inaunguza plastiki na kuifunga vinyweleo. Acha ipoe hadi joto la chumba, kwangua kwa kikwangulio cha plastiki, kisha brashi ya shaba, halafu ya nailoni, kila mara kutoka ncha kuelekea mkia. Nta inayobaki inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani. Inayoonekana juu ni mzigo.

Tangu msimu wa 2023/24 nta zenye florini, kemikali ya kuongeza mtelezo, zimepigwa marufuku, na skii zinapimwa kwa mashine. Hapo mtu anaweza kukosea bila nia mbaya: brashi ya zamani au pasi iliyotumika na nta ya florini inachafua skii mpya. Timu zililazimika kubadilisha vifaa, si nta peke yake.

Asubuhi ya mbio mwanamichezo anateleza jozi mbili tatu zilizochujwa na mafundi, anachagua moja kwa hisia za miguu. Baada ya hapo asifikirie tena habari za skii.

---

Molo_Baridi (Molo)

Wakubwa, swali fupi. Hapa Molo asubuhi kuna baridi na barabara za kupanda tunazo. Kijana akitaka kuanza bila theluji, inawezekana? Na bunduki je?

---

Shabaha_Lanet (Nakuru)

Ndugu, skii za magurudumu zipo, na wenyewe wa Ulaya ndizo wanazotumia kuanzia Mei hadi Oktoba. Lakini nyingi hazina breki, na zinataka lami laini isiyo na mashimo wala changarawe. Barabara kuu ya kwetu yenye malori na matatu usiifikirie hata alfajiri. Tafuta uwanja uliofungwa wenye lami, kofia ngumu, na panda mlima tu, usiteremke, mpaka mtu ajue kusimama.

Bunduki ya risasi, hata ile ndogo, inahitaji leseni ya silaha na uwanja ulioidhinishwa, na kijana mdogo hapewi. Huko kwenyewe baadhi ya watoto huanza na bunduki za miale ya leza, ambazo hazirushi kitu. Hiyo inatosha kumfundisha kupumua na kufyatua baada ya kukimbia mita 400.

---

Iten_Mwinuko (Iten)

Narudi kwa swali la mwisho la kocha, la nini cha kuiga.

Kuhusu mwinuko, usihangaike. Antholz, ambako watu wa bayathloni wanalalamikia hewa nyembamba na ndiko mbio za Olimpiki ya 2026 zilikopangwa, ni kama mita 1,600. Nakuru iko juu yake. Kijana wako tayari analala mahali ambapo wao wanasafiri kupafuata. Anachokosa si hewa nyembamba, ni siku nyepesi za kweli. Njoro kwenda Mau Narok hakuna mbio nyepesi kama kasi inaamuliwa na kundi. Mpe saa ya mapigo au mwambie akimbie huku anaongea sentensi nzima.

Nikipinga kidogo alichosema dada wa Kisumu, kwamba idadi ya mbio isiigwe hata kidogo: sikubali kwamba mkimbiaji wa nyika lazima aache wikendi zote zilizo karibu. Wikendi mbili mfululizo anaweza, iwapo ya pili imetangazwa mapema kuwa mazoezi ya kasi na kocha halalamiki nafasi ikishuka. Ya tatu mfululizo ndiyo inayovunja muundi.

---

Fiziotherapia_Kisumu (Kisumu)

Wikendi mbili nakubali kwa mtu mzima mwenye miaka kadhaa ya mazoezi. Kwa wa chini ya miaka 20 bado nasema hapana, mifupa yao haijakomaa kwa kazi hiyo, na wao ndio wanaopelekwa kila mahali kwa sababu wanashinda.

---

Iten_Mwinuko (Iten)

Hapo kwa vijana uko sahihi, daktari. Naondoa.

Kocha, kwa mtu mzima basi, panga hivi: wiki tatu zenye mbio mbili kwa jumla, kisha siku kumi bila mbio. Siku mbili za kwanza apumzike au atembee. Siku sita zinazofuata arudishe muda wa mbio nyepesi hadi karibu na ule wa kabla ya msimu, akimbie kwenye nyasi au udongo laini, bila mazoezi ya kasi isipokuwa mikimbio mifupi sita ya sekunde 15 hadi 20 ili miguu isisahau. Nguvu mara mbili katika siku hizo sita, halafu mara moja tu kwa wiki zenye mbio. Siku ya tisa vipindi vinne vya dakika nne, ya kumi nyepesi. Pengo la pili liishe siku 10 hadi 14 kabla ya mbio unayoitaka. Akija na homa au kikohozi ndani ya pengo, usilisogeze mbele kwa kufupisha: futa mbio inayofuata, pengo libaki na siku zake.

Na baada ya mbio ya mwisho mpe wiki tatu hadi nne za mapumziko. Wale wa bayathloni wanaacha bunduki kabatini Aprili, na mwaka wao wa mazoezi unaanza Mei. Kwetu kijana anamaliza nyika Jumamosi, Jumanne yuko kwenye uwanja wa mbio za mita 5,000. Hilo lizungumzwe na wasimamizi wake kabla ya msimu kuanza, tarehe ziandikwe, kwa sababu akishashinda mara mbili hakuna atakayekubali kuzisikia.